Faili likifika kwenye seva, usiliamini jina lake

Fomu nyingi za maombi ya kazi siku hizi zinadai cheti na picha ya pasipoti. Kwa anayejaza, ni kubonyeza kitufe tu. Kwangu mimi ninayeandika upande wa seva, maana yake ni kwamba mtu nisiyemjua anaweka kitu kwenye diski yangu. Nitaeleza kwa PHP, lugha ya programu ya upande wa seva, maana ndiyo ninayoifanyia kazi.

Fomu yenyewe lazima iwe na method="post" na enctype="multipart/form-data". Ukisahau hicho cha pili, seva hupokea jina la faili bila yaliyomo. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 1995 kwenye RFC 1867, mojawapo ya hati za kiufundi za intaneti, na hadi leo tunautumia.

PHP hulihifadhi faili kwenye folda ya muda na kuweka taarifa zake ndani ya $_FILES, orodha ambayo PHP huijaza yenyewe. Ombi la kivinjari kwa seva likiisha, faili hilo hufutwa, kwa hiyo ulihamishe mapema kwa move_uploaded_file(). Sasa, taarifa hizo hazilingani uzito, na hili ndilo ningependa kila mwandishi wa programu alishike. size (ukubwa), error (namba ya kosa) na tmp_name (mahali faili lilipowekwa kwa muda) zimetoka kwa seva yako. name (jina) na type (aina) zimetoka kwa aliyetuma. Kivinjari kikisema "image/jpeg", ni maneno yake tu. Mtu mwenye curl, programu ya kutuma maombi kwa seva bila kivinjari, huandika apendavyo. Nimekuta mifumo inayokagua type peke yake na kuridhika. Faili la cheti.php huingia humo likijiita picha, likakaa ndani ya folda ya tovuti, na mwenye nia mbaya akilifungua kwa anwani yake, seva inalitekeleza. Kuanzia hapo anayeamuru ni yeye.

Soma yaliyomo kwa finfo, zana ya PHP inayotambua aina ya faili kwa baiti zake: JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na %PDF. Lakini faili linaweza kuanza kama picha halali huku limebeba msimbo wa PHP tumboni, kwa hiyo siishii hapo. Nalipa jina jipya la nasibu kwa bin2hex(random_bytes(16)), kiendelezi nachagua mwenyewe kulingana na aina niliyoithibitisha, kisha nalihifadhi nje ya folda inayofikiwa na wavuti. Anayetaka kulisoma hupitia skripti inayokagua kwanza kama ana ruhusa. Vyeti vya watu haviachwi pahala ambapo yeyote mwenye kiungo atavisoma. Picha za simu nazo huweza kubeba taarifa za mahali zilipopigwa. Kuzihifadhi upya picha hizo kwa GD, maktaba ya picha ya PHP, huondoa taarifa hizo.

Ukubwa nao unasumbua watu bila wao kujua kwa nini. Kwa kawaida upload_max_filesize, ukomo wa PHP kwa faili moja, ni 2M, na picha ya simu hupita hapo kirahisi. Utaona error ni 1. Jumla ya ombi zima ikizidi post_max_size, ambayo kwa kawaida ni 8M, $_POST (yaliyojazwa kwenye fomu) na $_FILES zote hubaki tupu. Mwombaji aliyejaza kila kitu anaambiwa "Tafadhali andika jina lako", naye anajaza tena na tena. Kagua CONTENT_LENGTH, yaani ukubwa wa ombi lililotumwa, kabla ya kumlaumu. Kama mbele ya PHP kuna Nginx, programu ya seva inayopokea maombi kwanza, ukomo wake wa kawaida ni 1m, na hujibu 413 (ombi ni kubwa mno) kabla PHP haijaguswa. Panga vikomo vyote vitatu vilingane, andika ukomo kwenye fomu kando ya kitufe, na error ikiwa 3 mwambie mwombaji kuwa faili limefika nusu, alitume tena.