Kazi huru si ajira ya nyumbani

Tangazo la aina hii halikosekani kwenye magrupu ya WhatsApp: “Ajira ya frilansa, fanyia nyumbani, mshahara kila mwezi, lipia fomu kwanza.” Lipuuzeni. Anayetaka kazi yako hukulipa wewe, hakudai ada ya fomu. Ila hata wasio matapeli wanachanganya ufrilansa na ajira, na vijana wanaacha kazi zao kwa kutojua wanakwenda wapi.

Kazi huru, yaani ufrilansa, ni kuuza huduma yako kwa wateja, kazi baada ya kazi, kwa bei mliyokubaliana, bila ya kuajiriwa na yeyote kati yao. Basi. Mfasiri, mchora nembo, mwandishi wa programu, mwalimu anayesomesha wageni Kiswahili kwa video, wote wamo.

Pahala unapokaa hapamo katika maana hiyo. Karani wa kampuni ya Dar es Salaam anayefanyia kazi sebuleni kwake Mwanakwerekwe ni mwajiriwa: ana mshahara, ana likizo, na mwajiri anamchangia hifadhi ya jamii. Seremala wa Wete anayepokea oda za milango yumo kwenye kazi huru, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Mkanganyiko huu unaumiza zaidi kwenye bei. Mchukulie mfasiri wa Chake Chake anayelipwa senti 5 za dola kwa neno. Kwa siku ya kazi kamili anaweza kufasiri na kupitia maneno kama 2,000, yaani dola 100. Hapo ndipo watu huzidisha kwa siku 22, wakapata dola 2,200, wakaziita mshahara. Hesabu hiyo haiko sawa. Akipitia Fiverr, soko la mtandaoni la kazi huru, asilimia 20 inakatwa, zinabaki 80. Kuzileta fedha hadi benki au kwenye simu kuna ada, na dola hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko kile unachokiona mtandaoni. Halafu zipo siku za kuomba kazi, kujibu wateja, kurekebisha bila ya malipo na kudai deni. Siku za kulipwa zikiwa 12 kwa mwezi, ana dola 960, na humo bado hajatoa intaneti, umeme, matengenezo ya kompyuta wala kodi. Kwa hiyo bei ya kazi huru lazima ibebe siku zisizolipwa, ugonjwa na uzee. Mwajiriwa anabebewa hayo, angalau kwa sehemu, na mwajiri wake. Huyu wa kazi huru anajibebea mwenyewe, na ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ina mpango wa kuchangia kwa hiari kwa ajili ya watu kama yeye.

Kodi nayo ni yake. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata aliyeko Unguja au Pemba TIN, yaani nambari ya mlipakodi, anaichukua TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ina kodi zake nyengine. Taasisi ya hapa nchini ikikulipa kwa huduma ya kitaalamu, kwa kawaida huzuia asilimia 5 ya malipo kama kodi. Dai cheti cha zuio hilo, maana bila ya hicho huna cha kuonesha kuwa fedha hiyo imeshalipwa kwa niaba yako.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa barua pepe fupi: kazi ni ipi, itakwisha lini, marekebisho ni mara ngapi (mbili zinatosha), na malipo ya awali ni kiasi gani. Kwa mteja mpya, asilimia 30 hadi 50 si jambo la kuonea haya. Nembo nyingi huchorwa mara nane kwa bei ya mara moja kwa sababu tu idadi ya marekebisho haikutajwa.

Kisha kuna saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu wakati wao wako kwenye saa za majira ya joto, na saa kumi na moja majira yao ya baridi. Mkutano wa muda wa saa mbili ukianza saa kumi na moja unakula Maghribi, na Ramadhani unakula futari. Lisemeni kabla ya kukubali kazi. Na unapomwandikia mgeni muda, usiandike “saa 3” ukimaanisha asubuhi. Andika 9:00, na utaje ni saa za wapi.

Umeme wetu wa Zanzibar unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na Unguja ilishakaa karibu miezi mitatu bila ya umeme huo, kuanzia Desemba 2009. Siku hizi mkato wa saa moja ndio wa kuupangia. Kompyuta ina betri yake; kinachosahauliwa ni ruta, ambayo huzimika papo hapo ukiwa katikati ya somo. Yuupiesi (kifaa cha betri ya akiba) ndogo ya ruta na bando la akiba kwenye simu ya mtandao mwengine vinatosha.

Sasa, anayesema “nimeajiriwa Upwork” hakuajiriwa. Ile ni soko, na waajiri hawamo, wamo wateja. Akitaka mshahara wa mwisho wa mwezi huku akikaa kwake, anachotafuta kinaitwa ajira ya mbali, nayo ipo na ni halali kabisa. Aombe mkataba wa ajira, asome kifungu cha likizo na cha michango, ndipo aseme ameajiriwa.