Mama kala mlenda siku tatu, HbA1c bado iko juu, kwanini?

Swali: Kaka, mama yuko Hombolo ana kisukari, siku tatu kabla ya kliniki anakula mlenda na ugali wa uwele kidogo tu, zabibu hagusi, asubuhi akipimwa kidoleni sukari iko poa ila kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kimetoka 9.1. Mashine mbovu?

Jibu: Mashine nzima dada, mama ndo kakamatwa 😄. Cha kidoleni kinasema sukari ya saa ile tu. HbA1c inaangalia ni asilimia ngapi ya hemoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu) imeshanatwa na sukari, na seli nyekundu inaishi kama siku 120, kwaiyo inabeba habari za wiki 8 mpaka 12 hivi.

Swali: Nani anainatisha?

Jibu: Hakuna! Kazi nyingi mwilini zinafanywa na vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) ila hii hapana, glukosi inazunguka kwenye damu inagongana na protini inashika, mwanzo kilegelege inaweza kuachia, baadae inajipanga upya ndo haitoki tena mpaka seli ife. Sukari ikiwa nyingi migongano inakuwa mingi, basi. Ni kemia ileile inayofanya andazi liwe la kahawia, Mfaransa Louis Camille Maillard aliielezea 1912, ila kikaangoni ni dakika na mwilini ni wiki.

Swali: Inaharibu nini sasa?

Jibu: Hemoglobini yenyewe wala sio ishu, seli zinazaliwa mpya. Shida ni protini zinazokaa miaka, kama za lenzi ya jicho, na kolajeni, ile protini inayoipa mishipa uimara. Alafu kuna kitu kinaitwa methiliglioksali, kinatoka pale seli inapovunja glukosi, kidogo lakini kikali, kinadaka protini haraka kuliko glukosi yenyewe. Kunata hakuhitaji kimeng'enya, ila kukisafisha kunahitaji (ndo maisha), na sukari ikikaa juu muda mrefu wasafishaji wanazidiwa, kolajeni zinashikana zenyewe kwa zenyewe, mshipa unakakamaa.

Swali: Kipimo hakidanganyi kabisa?

Jibu: Kinadanganya. Mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu juzijuzi, seli zake hazijakaa umri wa kawaida kwaiyo namba haiaminiki, hao wawaambie kliniki mapema. Mama kama hana hayo aende tu akaseme ukweli wa anavyokula siku zote, maana daktari akiangalia cha kidoleni peke yake anaweza kumwachia dozi ileile wakati haimtoshi.