Siku Moja Unguja kwa Meli ya Kitalii: Dhana na Ukweli

Ikiingia kaskazi, meli za kitalii huanza kuonekana Malindi, bandari ya Mjini Unguja. Unaamka asubuhi, ukitupa jicho bandarini unaiona imelala pale, ndefu kuliko mtaa, na ikifika saa mbili watu wameshaanza kushuka. Miongoni mwao siku hizi nawakuta wenzetu: familia zinazotoka Maskati, vijana waliozaliwa Ulaya na Kanada wakifuatana na mama zao, na mabaharia wa Mombasa na Tanga wanaofanya kazi humo humo melini, waliopewa saa chache za kushuka. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na nimeona siku nyingi za watu zikiharibika kwa mambo waliyoyasikia wakayaamini. Siku yenyewe ni fupi. Ukiipanga mwenyewe unaweza kuifaidi sana, lakini uipange juu ya kilicho kweli.

“Bila kununua safari ya meli utabaki bandarini”

Dhana hii ndiyo inayowatoa watu fedha nyingi. Nadhani imetokana na bandari za nchi nyingine ambako gati liko mbali na mji, na bila basi hufiki popote. Malindi si hivyo. Ukivuka lango la bandari umeshaingia mjini. Shika njia ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Mbele yako kuna ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya sindano. Simama uitazame, wengi huipita wakidhani ni nyumba ya mtu. Kisha utafika Mtini, penye mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911 zama za Sultani Khalifa, halafu Kasri, Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe na Forodhani. Njia yote hiyo, hata kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, haizidi robo saa. Ukikata ndani kutoka Mtini utatokea Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, na hatua chache mbele yake ni Mkunazini, kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Gari hulihitaji popote hapo.

Meli nyingine hazifungi gati. Hutia nanga nje na abiria wakaletwa kwa boti. Siku hiyo toa nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi, kwa sababu foleni ya boti ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote.

“Meli haiwezi kuondoka ikamwacha abiria”

Inaweza, na huondoka. Safari zinazouzwa na meli zina faida moja ya kweli: basi lao likiharibika njiani, meli kwa kawaida huwangoja au hubeba dhamana ya kuwafikisha. Uliyetoka peke yako dhamana hiyo huna. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wazi wazi: mjini nenda mwenyewe, lakini kama roho yako iko Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya kisiwa, basi fikiria mara mbili, au nunua ile ya meli.

Na saa ya kurudi si saa ya kuondoka. Ukiambiwa meli inaondoka saa kumi na mbili jioni, milango hufungwa mapema kuliko hapo, nusu saa au zaidi. Baharia naye ana saa yake, ya mapema kuliko ya abiria. Soma karatasi ya ratiba inayowekwa chumbani kila siku, usitegemee ulichosikia kwenye lifti.

“Saa ni saa”

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo sisi wenyewe Waswahili tunapojikwaa kuliko Wazungu.

Familia moja ilikuja na meli kutoka Ulaya. Kijana wao ndiye aliyepanga kila kitu na dereva kwa ujumbe wa simu. Aliandika: “Tukutane getini saa 10.” Kijana amekulia ugenini, Kiswahili chake ni cha kuzungumza na mama, kwake yeye 10 ni ile iliyoandikwa kwenye simu. Dereva, mtu wa Bububu, akasoma saa kumi, akajua ni alasiri. Saa nne asubuhi wao wako getini. Mama amekaa kwenye ukingo wa njia, kajitanda kanga kichwani kwa ajili ya jua. Simu ya dereva inaita haipokelewi. Nilipowakuta ilikuwa saa tano unusu na hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake.

Nikamwamkia yule mama, nikamuuliza walikuwa wanaelekea wapi. Gari walilikodi la kwenda Nungwi. “Lakini mimi, mwanangu,” akasema, “nilichotaka ni kuiona nyumba yetu Kiponda.” Kiponda! Kutoka pale alipokaa si mbali hata dakika kumi kwa miguu. Tukaenda. Mlango ulikuwa ule ule, na jirani mmoja akamjua kwa jina la baba yake. Dereva alipopiga simu saa tisa, walikuwa wameshakula wali kwa jirani.

Kwa hiyo ukiandikiana na mtu wa hapa, andika “saa nne asubuhi” kwa maneno, na chini yake “10:00 ya simu”. Mbili kwa pamoja, hata kama unajiona mswahili wa kutosha.

Kisha kuna saa ya meli. Meli nyingi zinazofika kwetu zimepitia Shelisheli, Morisi au Réunion, na huko saa ziko mbele yetu kwa saa moja nzima. Nahodha akiamua kubaki na saa ya melini, simu yako ikishika mtandao wa hapa itajirekebisha yenyewe bila kukwambia. Unatazama simu, unaona una saa nzima ya kuzurura, kumbe gati linafungwa. Kabla ya kushuka muulize mhudumu: ratiba hii ni ya saa ya meli au ya Unguja? Vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, usiiguse mpaka urudi.

“Kisiwa kidogo, utakizunguka chote”

Unguja ina urefu wa kilomita zipatazo 85. Nungwi iko kilomita 60 hivi kutoka mjini, na kwa gari ni saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi, kwa vijiji, matuta na askari wa barabarani. Paje ni kilomita 50 hivi. Jozani, kwenye kima punju wasiopatikana nje ya Zanzibar, ni 35. Sasa piga hesabu: umeshuka saa tatu, unatakiwa umerudi saa kumi. Una saa saba. Nungwi kwenda na kurudi inakula tatu, na saa moja uiweke akiba kwa pancha au msafara wa mkubwa. Zinabaki tatu za ufukweni, na mji hujauona kabisa. Jozani, au mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yaliyo karibu zaidi, yanaingia vizuri kwenye siku ya meli na bado mji ukautembea. Kwa daladala ya shamba usijaribu siku hiyo. Ni usafiri mzuri kwa mwenye muda, na wewe huna.

Na mkiwa shambani, msidhani ndiko inakotoka karafuu iliyotupa jina duniani. Karafuu nyingi ni ya Pemba. Hapa mtaonyeshwa mti, na ni vizuri kuuona, lakini Wapemba wana haki yao.

“Bahari ipo tu, ukifika unaogelea”

Mtu wa pwani hili halimpiti, ila aliyekulia Nairobi, Dodoma au London linamtoa machozi. Maji yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Paje, Jambiani na Matemwe maji yakitoka yametoka kweli, unaona mwani na kina mama wakitembea mbali mahali ulipotarajia kupiga mbizi. Nungwi na Kendwa maji hayaondoki hivyo, na sifa yao imetokana na hapo.

Huhitaji kuwa mvuvi kulijua hili. Tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvu, na kwetu Unguja bamvu hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake maji yamekupwa saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule watu wa meli wanapofika ufukweni. Ukija karibu na siku ya saba au ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, maji ni mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na asubuhi unayakuta juu. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukijua tarehe ya meli na tarehe ya mwezi, umeshajua utakuta nini.

Na usiyaone maji yaliyokupwa kuwa hasara kila mara. Nakupenda, ile fungu la mchanga mbele ya mji, huonekana kwa sababu ya kupwa. Maji yakijaa humezwa. Siku ya bamvu asubuhi ndiyo siku yake. Muulize nahodha wa boti kabla ya kulipa: fungu litakuwa nje mpaka saa ngapi? Akikujibu “muda wote”, tafuta mwingine. Na kwenye boti yoyote, uyaone majaketi ya kuokolea kwa macho yako kabla hamjang'oa nanga, yawe yanatosha watu wote na watoto.

“Changuu ni gereza la watumwa”

Kisiwa hiki wageni hukiita cha gereza, na wengi hurudi wakisimulia wafungwa ambao hawakuwepo. Jina lake ni Changuu, la samaki. Miaka ya 1860 watumwa walioonekana wakaidi walizuiwa kule, hilo ni kweli. Lakini jengo unaloonyeshwa si la zama hizo. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893 akajenga gereza, na gereza hilo halikuwahi kufunga mfungwa. Liligeuzwa kuwa karantini, mahali pa kuwaweka abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi. Mimi naona habari hiyo inamhusu zaidi mtu aliyefika kwa meli kuliko habari ya pingu.

Kobe wakubwa wa pale ni wageni pia. Wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi, wakazaana, kisha wakaibwa mpaka mwaka 1996 wakabaki saba. Waliopo leo wamelindwa kwa taabu, basi usimkalie kobe mgongoni kwa ajili ya picha. Boti kutoka mjini ni dakika 20 hadi 30. Nenda asubuhi, upepo ukizidi mchana mawimbi huwa makubwa, na uwe tayari kulowa miguu kushuka.

Mengine niyapitie upesi. Forodhani mchana ni bustani tu. Vyakula vile vya mishkaki na pweza huanza kuwashwa jioni, na saa hiyo meli nyingi zinaondoka. Ukitaka kula kitu cha kwetu mchana, ingia mitaani uulize urojo au wali wa nazi kwa samaki. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usipange siku yako kwa ajili ya kuingia ndani. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa sala ya mchana. Ramadhani usile wala kunywa njiani, na ujue mikahawa mingi ya mjini imefungwa mpaka magharibi. Mabega na magoti yafunikwe. Ufukweni ni ufukweni, mtaani ni kwa watu. Dola huzihitaji kama zamani: tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, basi badilisha upate shilingi, na upate noti ndogo ndogo.

Na papasi, wale vijana wanaojitolea kukutembeza au kukutafutia boti na gari? Watakufuata kuanzia getini. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki na si wezi kama wanavyosemwa, lakini mtembezaji mwenye leseni ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na hataona vibaya ukimwomba akuonyeshe. Bei mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza, kwa shilingi, na kwa watu wote mlio pamoja.

“Ukiachwa na meli, umekwisha”

Hujaisha. Kila meli ina wakala wake bandarini, na simu yake imeandikwa kwenye ile karatasi ya ratiba ya siku. Ukijua unachelewa, mpigie ukiwa bado njiani, usingoje ufike getini ukute gati tupu. Abiria akikosekana, kwa kawaida melini hutafuta pasipoti yake chumbani na kumwachia wakala. Gharama za kuifuata meli ni zako, ila njia ipo: boti ya kwenda Dar es Salaam ni saa mbili hivi, na uwanja wa ndege hauko mbali na mji. Bandari inayofuata mara nyingi ni Mombasa, na hapo kwa ndege ni karibu.

Namba hiyo ya wakala iandike kwa kalamu kwenye kikaratasi, ukikunje pamoja na kadi ya meli. Kadi usipoionyesha huvuki lango kurudi, na simu iliyopiga picha tangu asubuhi huzimika saa tisa.