Omo au tezi? Dhana potofu kuhusu suiti za meli za kitalii

Suiti, yaani chumba cha melini chenye sebule na roshani yake, huweza kugharimu mara kadhaa ya chumba cha kawaida kwenye safari hiyo hiyo. Inaniuma kuona mtu aliyeweka akiba miaka mingi akichagua omo, yaani mbele ya meli, au tezi, yaani nyuma, kwa maneno ya kusikia, kisha analala siku saba ameshika ndoo. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi.

Dhana: Omo ndiko kwa wakubwa, tangu zamani wenye fedha hulala mbele.

Tangu zamani wenye fedha walilala katikati. Kwenye Titanic, mwaka 1912, abiria wa daraja la kwanza walikaa katikati ya meli. Ncha mbili waliachiwa wa daraja la tatu: wanaume waliosafiri peke yao waliwekwa omo, wanawake waliosafiri peke yao na familia wakawekwa tezi. Sababu haikuwa siri. Katikati meli hutulia, nchani husukasuka.

Suiti nyingi za leo ziko nchani kwa sababu ya mandhari na nafasi, kwani kwenye kona za meli ndiko roshani inaweza kuzunguka pande mbili. Wala omo haina heshima kuliko tezi. Meli ya Queen Mary 2 ina suiti za kifalme omo, lakini zile kubwa kabisa za ghorofa mbili ziko tezi. Na sisi watu wa pwani tunajua nahodha wa jahazi hukaa wapi: tezi, kwenye usukani.

Dhana: Meli za sasa ni kubwa na zina mapezi ya kutuliza wimbi, kwa hiyo popote utakapolala ni sawa.

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo tuielewe vizuri. Chombo baharini kina miyumbo mingi, ila miwili ndiyo inayosumbua zaidi abiria. Kuna mrama, yaani kulala ubavu huu na ubavu huu, na kuna kule kuinama na kuinuka, omo ikishuka tezi inapanda. Mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji hupunguza sana mrama meli ikiwa mwendoni. Hayazuii kuinama na kuinuka. Na huko kuinama na kuinuka ndiko kunakotofautisha ncha na katikati.

Chukua meli ya mita 300. Ikiinama kwa digrii 1 tu, ncha ya omo inashuka kama mita 2.6. Ikiinuka kwa digrii 1 tena, ncha hiyo imesafiri zaidi ya mita 5 kutoka chini hadi juu. Aliye mita 20 tu kutoka katikati amepanda na kushuka sentimita 70 hivi. Suiti za omo haziko kwenye ncha yenyewe, zimerudi nyuma kiasi, lakini bado ziko mbali na katikati. Tena nyingi ziko sitaha za juu, yaani ghorofa za juu za meli, ambako hata mrama mdogo huhisiwa zaidi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wahenga; ngama ni sehemu ya chini katikati ya chombo, na kwa habari ya tumbo methali hii ni kweli tupu: anayelevywa na bahari apande meli alale katikati, sitaha za chini. Aliyewahi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kipindi cha kusi, amekaa siti za mbele, hahitaji kuambiwa mara mbili.

Dhana: Basi tezi hakuna kusukasuka.

Kupo. Tofauti ni kwamba sehemu iliyotulia zaidi ya meli huwa nyuma kidogo ya katikati, na wimbi la mbele hupokelewa na omo kwanza. Kwa hiyo siku nyingi tezi huwa na nafuu. Lakini bahari ikija kutoka nyuma, tako pana na bapa la meli za kisasa hupigwa na mawimbi kwa kishindo kinachotikisa hata glasi mezani.

Dhana: Tezi ni kulala juu ya injini.

Miaka ya nyuma ilikuwa karibu na kweli. Mwaka 1998 Carnival Elation ilikuwa meli ya kwanza ya kitalii kutumia Azipod: mota ya umeme inafungwa ndani ya kibweta kinachoning'inia nje, chini ya meli, na rafadha, yaani panga linalozunguka majini, inatazama mbele ikiivuta meli badala ya kuisukuma. Meli nyingi zilizofuata zilitumia mtindo huo, na mtetemo ukapungua sana. Haukuisha. Meli ikigeuza au ikisogea gatini bado utausikia, hasa sitaha za chini.

Omo nako kuna kelele zake: mashine za kusukuma meli ubavuni wakati wa kufunga gati, na mnyororo wa nanga alfajiri. Kwa mwenye suiti, kelele mbaya zaidi wala haitoki kwenye mashine. Inatoka kwenye mgahawa wa wazi ulio juu ya dari yake, viti vikiburutwa saa kumi na mbili asubuhi. Migahawa hiyo mara nyingi iko tezi. Fungua ramani ya sitaha, angalia kilicho juu na chini ya chumba.

Dhana: Ukiwa omo utaona kila kitu kabla ya wengine, kwenye roshani yako.

Kuona utaona, ila kukaa nje ni jambo jingine. Meli ikienda kilomita 37 kwa saa, hata bila upepo wa baharini wewe unapigwa na upepo wa kasi hiyo. Ndiyo maana baadhi ya roshani za omo zina ukuta wa chuma badala ya kioo, nawe ukiketi kitini unatazama bati. Usiku utatakiwa kufunga pazia, kwa kuwa mwanga wa chumba chako huwapofusha mabaharia wa zamu walioko kwenye chumba cha usukani.

Safari za mandhari nazo zina mpango wake. Huko Glacier Bay, Alaska, meli hujigeuza mbele ya mto wa barafu wa Margerie ili kila upande uone. Kwenye Mfereji wa Panama, ambako malango huinua meli mita 26 hadi Ziwa Gatun, meli nyingi hufungua sitaha ya omo kwa abiria wote. Na aliye tezi anayaona malango yakijifunga nyuma yake, jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yakifunguka.

Dhana: Roshani za tezi hujaa masizi.

Hutokea, kwa kuwa bomba la moshi liko nyuma na upepo wa mwendo hurudisha moshi huko. Si kila siku wala si kila meli. Kinachokera zaidi ni faragha: sitaha za tezi zikijengwa kwa ngazi, wa juu anakuona wewe na chai yako.

Dhana: Umbali si kitu, kuna lifti.

Lifti hupanda na kushuka. Haikupeleki kutoka tezi hadi omo. Queen Mary 2 ina mita 345, Icon of the Seas karibu mita 365. Ukumbi wa maonyesho mara nyingi uko omo, mgahawa mkuu tezi, na njia hiyo unaitembea kwenye zulia la ukumbi mrefu mara kadhaa kwa siku. Mimi mwenyewe ningechagua tezi, kona, sitaha ya kati. Lakini ningekuwa nasafiri na mama mwenye magoti yanayouma, ningeiacha suiti, nikachukua chumba kidogo karibu na lifti za katikati.