Je, wajua kwa nini uyoga wa kwenye misindano humponza hata mchumaji mzoefu?

Mvua za Desemba zikishika katika Nyanda za Juu Kusini, ndoo za uyoga huanza kuonekana kando ya barabara na kwenye magulio. Wengi wanaouchuma walifundishwa na mama au bibi zao: huu wa kichuguuni unaliwa, ule wa manjano wa chini ya miombo unaliwa, ule mwingine achana nao. Elimu hiyo ni nzito na siidharau hata kidogo. Ina upungufu mmoja tu: ilijengwa miomboni, na milima yetu mingi siku hizi imevaa misindano, yaani misonobari.

Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote nchini. Msindano uliotapakaa huko, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Mti huu haustawi peke yake. Mizizi yake hushikana na nyuzi za uyoga ardhini. Uyoga huupa mti maji na fosforasi, nao mti huulipa uyoga sukari. Waliopanda misindano ya kwanza barani Afrika waliiona miche ikidumaa, mpaka walipoichanganyia udongo uliotoka chini ya misindano mingine. Ndivyo miti hii ya kigeni ilivyosambaa na uyoga wake.

Miongoni mwa wageni hao, wa kuogopwa kuliko wote ni Amanita phalloides, ambao umepatikana Tanzania katika mashamba ya misindano. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia, mikunjo ya chini ni myeupe, shina lina pete, na kwenye kitako, mara nyingi ndani ya udongo, kuna kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Mtego uko hapo kwenye kifuko. Ukoo wa Amanita una ndugu wanaoliwa miomboni, kama Amanita zambiana, na ndugu hao nao wana kifuko. Aliyekulia kwenye uyoga huo hana sababu ya kushtuka akikiona kingine. Tena wengi hukata shina juu kwa kisu, kifuko kikabaki ardhini bila kuonekana kabisa.

Sumu yake, amatoksini, haina haraka. Familia inaweza kula ugali kwa uyoga saa moja jioni, ikasifu mboga (waliopona husema ulikuwa mtamu), ikalala salama. Tumbo linaanza kukata alfajiri: kutapika, kuharisha maji matupu kama mwenye kipindupindu. Kwa kuwa chakula kilishakaa saa nyingi, wa kulaumiwa huwa ni maji ya kisima au maziwa ya asubuhi. Siku ya pili au ya tatu tumbo linatulia. Mgonjwa anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu, pengine anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kumbe ndani mambo yanaharibika. Amatoksini huingia kwenye seli za ini na kukikaba kimeng'enya kinachonakili maagizo ya vinasaba. Pasipo nakala hizo seli haiwezi kutengeneza protini mpya. Inaishi kwa akiba iliyokuwa nayo, na akiba ikikatika inakufa. Ndiyo maana pigo linachelewa. Sehemu ya sumu hiyo hutoka na nyongo, hurudi utumboni, ikafyonzwa tena kwenda kwenye ini lilelile. Kisha macho yanageuka manjano, damu haigandi vizuri, fahamu zinapotea, na figo nazo zinaweza kugoma. Uyoga mmoja unatosha kumuua mtu mzima. Mtoto, kwa udogo wa mwili wake, huuawa na kiasi kidogo kuliko hicho.

Kuchemsha, kukaanga au kukausha juani hakuiondoi sumu hii. Vipimo vya mtaani navyo havina maana. Kuna anayetia kitunguu sufuriani aone kama kitageuka rangi, na anayesema ukiona umetafunwa na wadudu basi ni salama. Konokono hula Amanita na kuendelea na safari zao. Ini lao si letu.

Chini ya misindano hiyohiyo huota mwingine, mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria. Huu unapendeza machoni, na watoto huuchuma kwa urembo wake. Huua mara chache, lakini huvuruga akili. Baada ya nusu saa hadi saa mbili mtu anapepesuka, misuli inarukaruka, vitu vidogo anaviona vikubwa, anaropoka, kisha anazama kwenye usingizi mzito. Anayefanya kazi hiyo ni muskimoli, kemikali inayojifanya mjumbe wa ubongo anayepunguza kasi ya neva. Ni rahisi jirani kumwona mtu katika hali hiyo akadhani amelewa, au amepandisha mashetani.

Uyoga unaosifiwa na baadhi ya vijana mitandaoni ni jamii nyingine, yenye silosibini, na baadhi yake huota kwenye samadi. Mkemia Mswisi Albert Hofmann ndiye aliyeitenga kemikali hiyo mwaka 1958. Huwafanya watu waone na kusikia yasiyokuwepo kwa saa kadhaa. Wengine hupatwa na hofu kali wakakimbilia barabarani, na mwenye asili ya ugonjwa wa akili huweza kuuamsha. Mimi linalonitisha zaidi ni sura zao: ni uyoga mdogo wa kahawia, na duniani upo uyoga mdogo wa kahawia wenye amatoksini ileile. Anayefuata njozi anaweza kuchuma kifo.

Ikitokea watu wamekula uyoga wasioujua, waende hospitali wote waliokula, hata asiyeumwa, bila kusubiri tumbo likate na bila kurudi nyuma likitulia. Maziwa hayafuti sumu. Mweleze daktari saa mliyokula na saa maumivu yalipoanza. Pengo la zaidi ya saa sita humfanya afikirie ini mapema, akaongeza maji kwa dripu, akatoa mkaa maalumu wa kunasa sumu tumboni na kupima ini kila siku. Kama umebaki uyoga mbichi, upeleke kwenye karatasi au bahasha, si mfuko wa plastiki unaouozesha. Kama haukubaki, mtu mmoja arudi ulipochumwa akaung'oe mwingine wa aina ileile pamoja na kitako chake.