Ndege Ndogo Haihitaji Banda la Uwanjani

Husemwa mara nyingi, hata katika baraza za Mji Mkongwe, kwamba mtu hawezi kujiundia ndege bila ya kuwa na banda kubwa la uwanja wa ndege. Dhana hiyo inaeleweka kwa watu waliozoea kuwaona mafundi wa Nungwi wakiunda jahazi zima mahali pamoja ufukweni, mpaka siku ya kulishua. Ndege, hata hivyo, huundwa vipande vipande. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright, Wamarekani walioanzisha urukaji wa ndege za injini, walitengeneza sehemu za ndege yao ya 1903 katika karakana yao ya baiskeli mjini Dayton, wakazisafirisha na kuziunganisha Kitty Hawk, mahali pa pwani walipoirushia.

Ndege ya kujiundia ya watu wawili aina ya RV-7 ina mabawa yenye upana wa takriban mita 7.6 kutoka ncha hadi ncha, lakini kila bawa huundwa peke yake. Kwa hiyo banda la magari mawili linatosha, alimradi mlango upimwe kabla, si baada. La muhimu zaidi ni meza ndefu iliyosawazishwa kwa pimamaji, kwani bawa lililopindia mezani huruka likiwa limepinda.

Kwa Unguja na Pemba, tatizo halisi ni hewa ya chumvi. Alumini inayogusana na chuma penye unyevu huo huliwa upesi, hivyo hupakwa rangi ya kinga kabla ya kupigwa ribiti, yaani vipini vya kuunganishia bati. Uwanja huhitajika mwishoni tu, wakati wa kuunganisha mabawa. Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa upande wake, ni ya kuulizia kabla ya bati la kwanza kukatwa.