Vidole Vina Ganzi, Wewe Unakaza Strapu: Maswali na Majibu

Strapu za jimu ni nini?
Ni mkanda wa kitambaa kigumu au ngozi. Unauvalia kwenye kifundo cha mkono, kisha ncha yake unaizungushia chuma. Sehemu ya uzito inahama kutoka kwenye vidole kwenda kwenye kifundo. Usizichanganye na zile bandeji nene za kufungia kifundo wakati wa kusukuma chuma kifuani. Zile hushikilia kiungo, hizi husaidia mshiko tu.

Kwa hiyo si mbaya?
Si mbaya. Mgongo na mapaja yana nguvu kuliko vidole, na ukinyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, vidole hufunguka kabla mgongo haujachoka. Vaa kwenye seti nzito za mwisho. Seti za kupasha mwili moto nyanyua kwa mikono mitupu, upake chaki kama jimu yenu inaruhusu. Anayeota mashindano ya kunyanyua vyuma, yawe ya pawalifti au ya Olimpiki, ajue kwamba jukwaani strapu haziruhusiwi.

Vidole vinakufa ganzi nikinyanyua, ndiyo maana nimenunua strapu. Nimekosea?
Ndiyo, umekosea. Ganzi haitibiwi kwa strapu. Ganzi ya namna hiyo mara nyingi ni neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, na ukiendelea kuongeza uzito unaendelea kuibana.

Lakini nikizivaa nanyanyua bila shida.
Unanyanyua kwa sababu mkanda unashika badala yako. Neva bado imebanwa, ila sasa huna kinachokusimamisha. Narudia: ganzi haitibiwi kwa strapu.

Wenzangu jimu wanasema ni uchovu, nichue kwa dawa.
Hao wenzako ndio wanaonijazia benchi la kusubiri hapa kliniki. Uchovu huisha ukipumzika. Ganzi inayokuamsha usiku ukakung'uta mkono, au inayokufanya uangushe kikombe, si uchovu, na dawa ya kuchua haifiki ilipo shida. Wengi huja baada ya miezi, nyama ya chini ya kidole gumba imeshabonyea na kufunga kifungo cha shati ni kazi. Nyama hiyo hairudi kila mara, hata baada ya upasuaji. Ukija mapema, tunaongea mambo mengine kabisa.

Nitajuaje neva gani?
Kuthibitisha ni kazi yetu, lakini angalia. Ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi hutokea kifundoni. Ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete mara nyingi huanzia kiwikoni. Ikiwa ganzi iko nyuma ya gumba na imeanza baada ya kukaza strapu, basi mkanda wenyewe umebana neva inayopita juujuu hapo. Ulegeze, na isipoisha, njoo.

Nikija mtanipasua?
Hilo ndilo linalowafanya mjifiche! Walio wengi wanaowahi hawafiki huko. Tunampa mtu kifaa cha kunyoosha kifundo akilala, tunampunguzia uzito, tunamrekebisha anavyoshika. Sukari pia tunapima, maana kisukari nacho huleta ganzi.

Ni wakati gani nisivae strapu kabisa?
Kwenye zoezi lolote ambalo chuma kinapita juu ya kifua, shingo au kichwa, na pale unapokigeuza kukipokea mabegani. Kikikushinda, lazima uweze kukiachia mara moja. Aliyejifunga hawezi.

Nikisikia "pa!" mbele ya kiwiko?
Hospitali, siku hiyo hiyo. Huenda kano ya msuli wa mbele wa mkono imekatika. Huwapata hasa wanaonyanyua kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, na anayeumia kwa kawaida ni ule unaotazama mbele. Kano iliyokatika hujivuta juu, na kuirudisha ni rahisi zaidi katika wiki chache za mwanzo. Usichue, usisubiri uvimbe ushuke, usijaribu "seti moja ndogo" kuona kama bado una nguvu.

Nianzie wapi?
Kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya fiziotherapia au kliniki ya mifupa. Mpaka upimwe, hakuna kunyanyua kwa mkono huo. Strapu njoo nazo, nataka kuona unavyozifunga.